Mwangwi Usiotoka Chini ya Miguu

Ukisomea darasani kazi ya mitetemo, yaani kupima matabaka ya ardhini kwa mwangwi, unatoka na picha moja kichwani: tabaka la mwamba limelala sawasawa chini ya laini ya vipimo, pigo (chanzo cha mtetemo) liko katikati, jiofoni (vipokezi vya mtetemo) zimepangwa kushoto na kulia, na mwangwi unarudi kwa ulinganifu pande zote mbili. Muda mfupi kuliko wote unasomeka palepale penye pigo, kisha unaongezeka kadiri unavyokwenda mbali, na ukiuchora unapata haipabola safi iliyosimama wima. Picha hiyo inatosha kwa mtihani. Mimi nilianza nayo kazi, na ardhi haikuchelewa kuikataa.

Rekodi yenyewe ilikuwa nzuri. Mwangwi tuliokuwa tunautafuta ulionekana wazi, ila ulikuwa umelalia upande. Upande mmoja wa pigo ulichelewa, upande wa pili uliwahi. Tena, katika ule upande uliowahi, jiofoni kadhaa ziliupokea mwangwi kabla ya jiofoni iliyokuwa jirani kabisa na pigo. Hapo ndipo tulipokwama. Mtetemo utafikaje mapema kwa aliye mbali kuliko aliye karibu? Mmoja wetu akasema jiofoni za upande ule zimechomekwa vibaya. Mwingine akalaumu udongo. Kiongozi wa kikosi, mtu mzima wa maneno machache, hakubishana na yeyote. Alichukua karatasi ya miraba, rula na bikari, akatusogezea, akasema: "Vijana, choreni kioo."

Kioo ni lile tabaka. Unachora uso wa ardhi, unachora tabaka likiwa limeinama, halafu kutoka kwenye pigo unashusha mstari unaolikata tabaka kwa pembe mraba. Unauendeleza upande wa pili kwa urefu uleule, na mwisho wake unatia nukta. Nukta hiyo ni taswira ya pigo, kama sura yako inavyokaa nyuma ya kioo kwa umbali uleule uliosimama mbele yake. Faida ya taswira hii ni kwamba inaondoa kona kwenye hesabu. Njia ya mtetemo kutoka kwenye pigo, kugonga tabaka na kupanda hadi kwenye jiofoni, ina urefu sawa kabisa na mstari ulionyooka kutoka kwenye taswira hadi kwenye jiofoni hiyo. Basi swali la muda linageuka kuwa swali la umbali: jiofoni ipi iko karibu zaidi na taswira?

Tabaka likiwa limelala, taswira inakaa wima chini ya pigo, na jiofoni ya karibu ni ile ya penye pigo. Likiinama, mstari wa pembe mraba nao unaacha kuwa wima, na taswira inasogea kuelekea upande ambako tabaka linapanda. Sasa jiofoni iliyo juu ya taswira moja kwa moja ndiyo iliyo karibu nayo kuliko zote, hata kuliko ile iliyo kando ya pigo. Haipabola bado ipo, na umbo lake halijaharibika. Kilichofanyika ni kwamba kilele chake kimehama.

Mchoro ukinishawishi bado huwa nataka hesabu nayo ikubali, kwa hiyo jioni ile nilikaa na namba za mfano. Chukua kasi ya mita 2,000 kwa sekunde, umbali wa mita 400 kutoka kwenye pigo hadi kwenye tabaka (ukipimwa kwa pembe mraba, si wima), na mwinamo wa nyuzi 10. Kanuni ya kosini kwenye ile pembetatu ya taswira, pigo na jiofoni inakupa:

t² = (4h² + x² + 4hx sin θ) ÷ V²

Hapo h ni ule umbali wa pembe mraba, x ni umbali wa jiofoni kutoka kwenye pigo, chanya ukielekea linakozama tabaka na hasi ukielekea linakopanda, V ni kasi, na θ ni mwinamo. Penye pigo mwangwi unafika kwa milisekunde 400. Ukienda mita 300 upande linakozama, unasoma 451. Ukienda mita 300 upande linakopanda, unasoma 402. Tabaka lingekuwa limelala, pande zote mbili zingesoma 427. Na kilele cha haipabola kiko mita 139 kutoka kwenye pigo, upande wa kupanda, ambako mwangwi unafika kwa milisekunde 394, yaani kabla ya jiofoni ya penye pigo.

Kilichonishtua zaidi kwenye namba hizo ni kasi. Tuseme una jiofoni za upande mmoja tu, kama ilivyo kawaida kwenye kazi nyingi ndogo, nawe unafanya hesabu ya darasani ya tabaka lililolala. Ukichukua zile 400 na 451 za upande wa kuzama, unapata kasi ya mita 1,441 kwa sekunde. Ukichukua 400 na 402 za upande wa kupanda, unapata zaidi ya mita 7,000. Mwamba ni uleule, kasi yake ya kweli ni 2,000, na mwinamo ni nyuzi 10 tu, ambao ukiuchora kwenye karatasi unaonekana mdogo kabisa. Tangu hapo nikiletewa kasi iliyopimwa kwa mkono mmoja wa laini, kabla ya kuuliza lolote kuhusu mwamba nauliza jiofoni zilikuwa upande gani wa pigo.

Dawa imo ndani ya mlinganyo wenyewe. Kipande chenye sini ni jumlisha upande mmoja na ni toa upande mwingine. Ukichukua miraba ya muda wa jiofoni mbili zilizo umbali sawa kushoto na kulia, ukaijumlisha na kugawa kwa mbili, kipande hicho kinajifuta chenyewe. Kinachobaki ni haipabola ya tabaka lililolala, na kasi inatoka sahihi, kana kwamba mwinamo haukuwepo. Ukitoa badala ya kujumlisha, mambo yanageuka: kila kitu kinafutika isipokuwa mwinamo. Kwa haraka ya uwandani hata miraba huhitaji. Zidisha tofauti ya muda kwa kasi, gawa kwa umbali kati ya zile jiofoni mbili, unapata sini ya mwinamo. Kwa mfano wetu tofauti ni milisekunde 49, umbali ni mita 600, na jibu ni 0.163, yaani nyuzi 9.4. Kadirio linapunja kidogo kwa sababu mikono ya laini ni mirefu ukilinganisha na kina, lakini kwa mtu anayetaka kujua kesho apange laini kuelekea wapi, linatosha sana.

Narudi kwa yule aliyelaumu udongo, maana hoja yake haikuwa ya kupuuzwa. Tabaka la juu lililooza lina kasi ndogo, na likiwa nene chini ya jiofoni fulani, kila kitu kinachofika hapo kinachelewa. Ukiangalia rekodi moja tu, uchelewaji wa udongo na wa mwinamo unaweza kufanana kabisa. Tulichofanya ni kuhamisha pigo. Uchelewaji wa udongo umefungwa kwenye mahali: jiofoni iliyokaa juu ya udongo mnene itachelewa pigo likitoka kushoto, kulia au katikati, na itachelewa kwa kiasi kilekile kwa mwangwi wa juu na wa chini, pamoja na mawimbi ya kwanza yanayopita karibu na uso wa ardhi. Uchelewaji wa mwinamo unalifuata pigo. Jiofoni iliyochelewa asubuhi, kwa kuwa ilikuwa upande wa kuzama, inawahi mchana pigo likishavuka upande wake wa pili. Yetu iliwahi. Zaidi ya hapo, miangwi miwili kwenye rekodi ileile ilikuwa imelalia kwa viwango tofauti, ule wa chini zaidi ya ule wa juu, na udongo wa juu hauwezi kuchagua mwangwi wa kuuchelewesha. Kuna hali moja inayosumbua bado, nayo ni udongo unaoongezeka unene polepole na kwa usawa kuelekea upande mmoja. Huo unaiga mwinamo vizuri mno, na usipoyasoma mawimbi ya kwanza kwa makini utauchora kama mwamba ulioinama.

Kiongozi wetu alipenda historia kuliko alivyopenda kuongea, na hapo ndipo nilipomsikia akisema sentensi zaidi ya tatu mfululizo. Alitukumbusha kwamba majaribio ya mwanzo ya kupima mwangwi wa matabaka, aliyoyafanya J. C. Karcher na wenzake huko Oklahoma, Marekani, mwaka 1921, yaliufuata mpaka kati ya mwamba wa tope na chokaa. Hawakuwa na kompyuta wala mlinganyo uliochapishwa kwenye fulana. Maana yake kwetu ilikuwa kwamba tusijidai kuhitaji mashine ili kuona mambo yanayoonekana kwa bikari.

Baadaye nilihamia kwenye uchakataji wa rekodi, ambako mwinamo unajificha kwa namna nyingine. Huko mistari (kila mmoja ni rekodi ya jiofoni moja kwa pigo moja) haikusanywi kwa pigo, bali kwa nukta ya katikati: unachukua mapigo na jiofoni tofauti tofauti ambazo nukta yao ya katikati ni moja, unasahihisha muda wa kila mstari kulingana na umbali wake, halafu unaijumlisha ili kelele zififie na mwangwi ukomae. Harry Mayne ndiye aliyeusajili mpango huo katika miaka ya 1950, na mpaka leo kazi nyingi bado zinautegemea. Katika mkusanyo wa namna hii, tabaka lililoinama linatoa haipabola yenye ulinganifu kamili, kilele kikiwa katikati. Sababu ni rahisi: ukibadilishana pigo na jiofoni, njia inabaki ileile na muda unabaki uleule, hivyo mkono wa kushoto hauwezi kutofautiana na wa kulia. Mchakataji mgeni akiona ulinganifu huo anapumua, akidhani mwinamo umekwisha.

Haukwisha, umehamia kwenye kasi. Franklyn Levin alionyesha mwaka 1971 kwamba kasi unayoisoma kwenye mkusanyo huo ni kasi ya kweli ikigawanywa kwa kosini ya mwinamo. Kwa nyuzi 10 tofauti haifiki asilimia 2, na hakuna atakayeigundua kwa macho. Kwa nyuzi 30, mwamba wa mita 3,000 kwa sekunde unajitangaza kuwa wa mita 3,464. Kwa nyuzi 60 kasi inasomeka mara mbili. Namba hizo si kosa la chombo, na kwa kazi ya kujumlisha ndizo unazozihitaji kabisa, maana ndizo zinazounyoosha mwangwi. Tatizo linaanza pale mtu wa meza ya pili anapozichukua na kuzitumia kugeuza muda kuwa kina, kana kwamba ni kasi ya mwamba.

Kuna skrini moja ninayoikumbuka vizuri kwa sababu ilinifundisha haraka. Ilikuwa ya kuchagua kasi: muda unashuka wima, kasi inakwenda kulia, na mahali mwangwi unaponyooka panawaka doa jekundu. Katika muda uleule yaliwaka madoa mawili, moja kwenye mita 2,500 na jingine karibu na 2,900. Programu ilitaka nichague moja. La kwanza lilikuwa la matabaka yaliyolala, na la pili la uso wa ufa uliokuwa unayakata kwa mwinamo wa nyuzi 30 hivi. Gawa 2,500 kwa kosini ya 30 uone. Ukichagua la kwanza, matabaka yanang'aa na ufa unapotea. Ukichagua la pili, ufa unatokea na matabaka yanafifia. Hakuna kasi moja inayowaridhisha wote wawili, na mtu akikuambia uchague ya katikati, anakuomba uharibu vyote kwa usawa.

Tena kuna jambo jingine kwenye mkusanyo huo ambalo kwa muda mrefu nililichukulia kama la vitabuni tu. Tabaka likiinama, ile mistari yenye nukta moja ya katikati haigongi mahali pamoja. Kadiri pigo na jiofoni vinavyoachana, ndivyo nukta ya kugonga inavyopanda kufuata tabaka. Kwa tabaka lililo umbali wa mita 2,000, lenye mwinamo wa nyuzi 30, huku pigo na jiofoni vikiwa mita 1,000 kila upande wa nukta ya katikati, mtetemo unagonga zaidi ya mita 200 juu ya pale tunapodhani. Yaani tunajumlisha miangwi ya sehemu tofauti za mwamba na kuiita moja. Marekebisho ya mwinamo yanayofanywa kabla ya kujumlisha, yale ambayo Dave Hale aliyaweka kwenye hesabu inayofanya kazi mwaka 1984, yanatibu mambo yote mawili kwa pamoja: yanairudisha mistari kwenye sehemu moja ya mwamba, na yanaishusha kasi ya ufa hadi ilingane na ya matabaka, hivyo yale madoa mawili yanakuwa moja.

Hata baada ya hapo, picha iliyojumlishwa bado inakwambia uongo wa mahali. Mchakataji anauchora kila mwangwi wima chini ya nukta yake ya katikati, ilhali mtetemo ulikwenda kulikuta tabaka kwa pembe mraba, pembeni. Kwa umbali wa mita 2,000 na mwinamo wa nyuzi 30, mwamba uliotoa mwangwi huo uko mita 1,000 kando, upande wa kupanda, na kina chake ni mita 1,732. Kilomita nzima ya tofauti ni umbali mkubwa kwa mtu anayepanga kuchoronga kisima.

Hapo bikari ya yule mzee ilirudi kunisaidia. Kwa kila nukta ya juu, fungua bikari kwa umbali ambao muda umekupa (nusu ya muda mara kasi), uchore tao chini. Mwamba uko mahali fulani kwenye tao hilo, hujui wapi. Rudia kwa nukta ya jirani, na ya jirani yake. Mstari unaoyagusa matao yote bila kuyakata ndio tabaka. Ukilichora hivyo unaona mara moja kwamba tabaka la kweli limesimama zaidi kuliko lilivyokuwa kwenye picha, ni fupi zaidi, na limesogea kuelekea linakopanda. Hesabu yake inasema tanjenti ya mwinamo wa kwenye picha ni sini ya mwinamo wa kweli. Nyuzi 30 za kweli zinaonekana kama 26.6. Ukuta uliosimama wima kabisa unaonekana kama nyuzi 45. Ninaipenda sana hii ya mwisho kama kipimo cha haraka: kwenye picha ambayo haijahamishwa (yaani miangwi yake haijarudishwa mahali pake kwa njia hii), ukiipa kipimo sawa cha wima na mlalo kwa kasi moja, chochote kilichosimama zaidi ya nyuzi 45 hakiwezi kuwa mwangwi halali wa tabaka. Na mkunjo wa kuinamia chini, ukiwa na mpindo mkali na ukiwa mbali vya kutosha, unajichora kama tai ya kipepeo, mikono ikipishana, na ndani yake unaweza kuona kilima ambacho ardhini ni bonde.

Yote hayo nimeyasema kana kwamba laini imepita sawasawa na mwelekeo wa kuzama kwa tabaka. Laini haijui hilo inapopangwa. Ikipita kwa mshazari, inapima sehemu tu ya mwinamo, na ikipita kwa pembe mraba na uzamaji, tabaka lililoinama vibaya linajichora limelala kwa utulivu kabisa. Ndiyo maana tunataka laini mbili zinazokatana. Zikikatana kwa pembe mraba, miraba ya sini zao ndiyo inayojumlishwa: laini moja ikitoa sini ya 0.3 na nyingine 0.4, sini ya kweli ni 0.5, yaani nyuzi 30, japo laini zenyewe zilionyesha nyuzi 17.5 na 23.6.

Penye makutano hayo ndipo ninapoona ubishi mwingi ofisini kuliko popote. Kabla ya kuhamishwa, laini mbili zinakubaliana penye makutano, kwa sababu pigo na jiofoni zikiwa pamoja, mtetemo unaokwenda kwenye tabaka na kurudi ni mmoja tu, bila kujali laini imelala upande gani. Baada ya kila laini kuhamishwa peke yake, zinaachana. Kwa mfano wetu wa mita 2,000, laini ya kwanza inausogeza mwangwi mita 600 kwenye njia yake na kuuweka kwenye kina cha mita 1,908. Laini ya pili inausogeza mita 800 kwenye njia yake na kuuweka kwenye 1,833. Mwamba wenyewe uko kwenye 1,732, nje ya laini zote mbili. Mtafsiri wa picha hizi anayejaribu kuzioanisha laini hizo kwa kushusha moja na kupandisha nyingine anapoteza mchana wake, kwa kuwa kwenye makutano kila moja sasa inamwonyesha kipande tofauti cha tabaka. Mimi huomba kwanza nakala ambazo hazijahamishwa. Zikikubaliana pale, kikosi cha uwandani kimefanya kazi yake sawasawa, na kilichobaki ni kuipeleka miangwi kwa pande zote mbili kwa pamoja, jambo linalohitaji ama upimaji wa eneo zima, ama mtu mwenye subira, ramani na bikari.